Kivungulio cha stroberi: nilivyowaua askari wangu mwenyewe

Wiki ya 3. Utitiri umerudi. Majani yana vidoadoa vya njano, na ukiligeuza jani unakuta utando mwembamba. Nimemwaga chupa ya Phytoseiulus persimilis, wawindaji wadogo wa utitiri, walewale wanaotumika kwenye waridi za Naivasha. Kwa lenzi hawafichiki: utitiri ana madoa mawili meusi, mwindaji ana rangi ya chungwa, umbo la tone, na hatulii. Chakula chake ni utitiri na mayai yake, basi.

Wiki ya 5. Maganda matupu kila jani. Nikaanza kujisifu.

Wiki ya 6. Vidukari kwenye machipukizi. Muuzaji wa agroveti akanipa dawa ya jamii ya pairethroidi: "Hii haichagui, mzee." Kweli haikuchagua. Baada ya siku mbili, kwenye majani 20 nimepata mwindaji mmoja tu, naye anayumbayumba. Utitiri, aliyekuwa mlengwa wangu tangu mwanzo, anadunda. Yeye amejificha chini ya jani nyuma ya utando wake, na ukoo wake umepuliziwa miaka mingi hadi wamebaki wagumu. Wawindaji wangu walilelewa mahali pasipo dawa.

Wiki ya 7. Nimenunua chupa ya pili, ila sasa nimewafuga kwenye mche wa maharagwe wenye utitiri, dirishani jikoni. (Mke wangu amenyamaza. Si dalili nzuri.) Jaribio: pamba iliyolowa kwenye kisahani, jani kifudifudi juu yake, maji yawazuie kutoroka. Wawindaji 10 kila kisahani, na utitiri wa kula. Kufikia kesho yake, kwenye jani lenye dawa wamekufa 9. Kwenye jani lililopuliziwa maji ya sabuni na kukauka, 1. Jani safi, wote wazima.

Wiki ya 10. Nimerudia kwa majani yaleyale ya zamani, si machipukizi mapya ambayo hayakuguswa na dawa. Wamekufa 6. Mwezi mzima umepita tangu nipulize! Sabuni huua inachokilowesha, ikikauka imekwisha. Hii nyingine inamngoja mwindaji pale jani lilipo, naye kazi yake ni kutembea.

Wiki ya 15. Amekufa 1. Majani ya zamani nimeyakata na kuyatoa nje. Jioni hii nimehamishia matawi ya maharagwe kwenye stroberi. Vidukari wamerudi pia. Nitawapulizia sabuni kesho asubuhi, machipukizi tu.