Monita mbili za kwaya, Nyakato

Kanisa lilikuwa Nyakato, karibu na Ziwa Victoria, ukumbi mrefu wa bati usio na dari. Zikiwa zimebaki wiki tano kufika Pasaka, mwalimu wa kwaya aliniita jioni ya mazoezi nijisikilizie mwenyewe. Sauti ya tatu walikuwa wanapotea kila kinanda kilipokolea. Spika kubwa mbili zilielekezwa kwa waumini, na wanakwaya waliosimama nyuma yake walisikia kile tu kilichorudi kutoka ukuta wa mwisho. Ukuta huo ulikuwa mita 25 kutoka walipo. Sauti ikienda na kurudi inachelewa karibu sekunde 0.15, na kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni zaidi ya robo ya pigo. Hakuna mwimbaji anayeweza kushika muda kwa sauti ya namna hiyo.

"Fundi, hawa hawajisikii," mwalimu aliniambia. "Tutengenezee monita mbili. Spika tayari tunazo." Monita ni spika inayowaelekea waimbaji wenyewe ili wajisikie.

Spika zilikuwa kwenye makatoni chini ya meza ya sadaka: mbili za inchi 12, mpya, na ubavuni zimeandikwa wati 1,000. Nilizitoa nikaziangalia kabla ya kuahidi chochote. Ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa, ulikuwa wa mpira mnene, koni yenyewe ya plastiki nzito, na kifuniko cha katikati kilionyesha koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) yenye kipenyo kisichozidi milimita 50. Spika ya jukwaani huwa na koni nyepesi ya karatasi, na ukingo wake ni kitambaa kilichokunjwakunjwa kama akodioni. Mpira na koni nzito ni dalili za spika ya gari au ya sebuleni, iliyoundwa kushuka chini sana kwenye besi. Nguvu yote inaishia kusukuma uzito.

Sikutaka kumkatalia mwalimu kwa kuangalia tu, kwa hiyo nilipima palepale. Anayetaka kupima hivyo anahitaji vitu vichache: simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa unayochagua, amplifaya ndogo, rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 1,000 na maltimita (mita ya kupimia umeme). Rezista inaunganishwa kwa mfululizo na spika, maltimita inawekwa kwenye volti za AC na kushikizwa kwenye ncha mbili za spika. Spika isimame wima hewani, isilazwe mezani, kwa sababu tundu la nyuma ya sumaku likizibwa kipimo kinapotoka. Nilianzia Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) nikapanda moja moja. Namba zilipanda taratibu, 25, 28, 30, koni ikitetemeka kwa mwendo mkubwa unaoonekana kwa macho. Zilifika kilele kwenye Hz 31, kisha zikaanza kushuka. Hz 31 ndiyo masafa ya asili ya spika ile, yaani masafa ambayo inatetemeka kirahisi kuliko mengine. Sauti ya nne kwenye kwaya, yaani besi, haishuki chini ya Hz 80 hivi. Kwa hiyo tulikuwa na spika iliyotoa kafara kila kitu kwa ajili ya besi ambayo hakuna mtu angeiimba.

Karatasi ya ndani ya katoni ilisema desibeli 88 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, umbali wa mita 1. Hiyo ndiyo namba ambayo watu wengi hawaisomi, nami naiona ya kwanza kabisa. Spika ya jukwaani ya inchi 12 hutoa desibeli 97 kwa wati hiyohiyo. Tofauti ya desibeli 9 ni sawa na kuzidisha nguvu mara nane. Amplifaya ya kanisa ilikuwa ya wati 150 kwa omu 8. Ili spika ya 88 ifikie kile ambacho ya 97 inafanya na wati 150, ingehitaji wati 1,200, na koili ya milimita 50 ingeungua kabla ya kufika huko.

Tulijaribu hata hivyo. Niliifunga moja kwenye boksi la zamani nikaiweka mita 1.5 mbele ya sauti ya tatu. Kwa hesabu, kilele chake pale kilikuwa karibu desibeli 106. Lakini vilele vya muziki viko desibeli 10 au zaidi juu ya wastani, kwa hiyo wastani ulibaki kwenye 96, na kwaya ya watu 30 ikiimba kwa nguvu na kinanda juu yake inafika hapo bila shida. Taa nyekundu ya amplifaya iliwaka mfululizo, na vijana bado walikuwa wanatikisa vichwa kwamba hawasikii.

Mwalimu alikubali tuagize nyingine. Muuzaji wa Kariakoo alinitumia kwa simu picha za karatasi za vipimo, na mbili za inchi 12 ndizo zilizobaki mezani. Moja ilikuwa ya wati 500, desibeli 99. Ya pili ilikuwa ya wati 300, desibeli 97, masafa ya asili Hz 55. Kila aliyekuwepo aliichagua ya 500, na ningekuwa natengeneza spika za kuelekea kwa waumini huenda nami ningeichukua. Lakini mchoro wake wa ukubwa wa sauti kwa kila masafa ulikuwa na nundu ya desibeli 6 kati ya Hz 2,500 na 3,000. Monita iko karibu na maiki. Maiki ikipiga mluzi, unaanzia kwenye masafa yale yaliyoinuka kuliko mengine, na ili kuunyamazisha unashusha sauti yote. Nundu ya desibeli 6 kwenye masafa ya sauti za watu maana yake unapoteza desibeli 6 za kila kitu kingine. Ile 99 ingekuwa 93 mikononi mwetu. Mchoro wa ya wati 300 ulipanda kidogo kidogo bila kuruka, kutoka Hz 200 hadi 3,000. Nikaagiza mbili za hizo.

Kwa honi, ile tarumbeta ndogo ya sauti za juu, nilichagua draiva (kitoa sauti chake) yenye mdomo wa inchi 1, na hapo kulikuwa na swali la kiwambo, utando unaotetemeka ndani yake: milimita 34 au 44. Cha 34 ni cha bei nafuu, ila karatasi yake ilikataza kushuka chini ya Hz 2,500. Tatizo liko kwenye koni ya inchi 12. Sehemu inayosukuma hewa ina kipenyo cha karibu sentimita 26, na kuanzia Hz 1,300 urefu wa wimbi unakuwa sawa na kipenyo hicho. Kutoka hapo sauti inazidi kuwa nyembamba kama mwanga wa tochi. Mwanakwaya akisogea hatua moja pembeni, maneno yanapotea. Kiwambo cha 44 kiliruhusu kuanzia Hz 1,600, basi nikaweka mgawanyo wa sauti kati ya spika na honi kwenye 2,000: chini ya kutosha kwa koni, juu ya kutosha kwa usalama wa kiwambo.

Mzigo ulikuja kwa basi. Kabla ya kufunga chochote nilisukuma kila koni kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa, nikisikiliza kama koili inasugua, maana katoni likianguka njiani sumaku inaweza kuhama. Zote zilikuwa kimya. Koili zilisoma omu 5.8 kila moja, kawaida kwa spika ya omu 8. Masafa ya asili yalisoma 58 badala ya 55. Spika mpya huwa ngumu kidogo, hilo halikunisumbua.

Boksi lilikuwa la plaiwudi ya milimita 18, lita 32 baada ya kutoa nafasi ya honi na sumaku. Tundu la hewa lilikuwa kipande cha bomba la maji la PVC la inchi 4, urefu sentimita 11, ambacho kinalifanya boksi lenyewe livume karibu na Hz 65. Hesabu za maboksi ya namna hii zinatoka kwa Neville Thiele wa Australia, aliyezichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeziendeleza miaka ya 1970. Zinafanya kazi Nyakato sawasawa na kule zilikoandikwa.

Krosova, saketi inayopeleka sauti za chini kwa spika na za juu kwa honi, niliiunda mwenyewe, mteremko wa desibeli 12 kwa kila oktavu. Kwa omu 8 na Hz 2,000 inahitaji koili ya milihenri 1.27 na kapasita ya mikrofaradi 5. Kapasita ya 5 sikuipata mjini, nikaunganisha ya 4.7 na ya 0.33 sambamba, zote za filamu, volti 250. Koili nilisuka kwa waya wa shaba wa milimita 1, ule wa mafundi wa kusuka mota, bila chuma katikati, kwa sababu chuma kikijaa sumaku kinachafua sauti kubwa. Nilisuka kupita kiasi, kisha nikapunguza mizunguko hadi mita iliposoma 1.27. Honi ilikuwa na desibeli 107, kumi zaidi ya spika, hivyo niliipunguza kwa rezista mbili nyeupe za saruji: omu 5.6 kwa mfululizo na omu 3.9 sambamba na draiva. Wanaoruka hatua hii ndio wenye monita zinazotoboa masikio.

Jioni ya kwanza "s" na "t" zilisikika, lakini sauti za akina mama zilikuwa kama zinatoka nyuma ya pazia. Nilicheza mlio wa Hz 2,000 kwa simu na nikausikia dhaifu mno. Kwa krosova ya mteremko huu, spika na honi zikiunganishwa chanya kwa chanya zinavutana kinyume pale zinapokutana, na sauti inajifuta. Niligeuza nyaya za honi. Mlio uliruka mbele mara moja. Kwa kuwa honi huwa na kina chake, afadhali kujaribu pande zote mbili na kuacha ule wenye sauti kubwa, kisha utie alama ya rangi kwenye waya.

Nyuma ya wavu nilibandika kitambaa chepesi, maana wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku wanajaa hadi kwenye koo la honi. Kwenye miksa nilibonyeza kitufe cha kukata besi kwenye kila maiki. Monita nikaziweka nyuma ya maiki za SM58 kabisa, upande ambao maiki hizo hazisikii vizuri.

Wimbo wa pili haujaisha, kijana mmoja wa sauti ya tatu alinyoosha mkono. "Fundi, punguza kidogo, tunasikia." Nilishusha. Taa nyekundu haikuwaka jioni ile yote.