Neno la mjomba

Harusi ya binamu imepita salama, mtoto kaanza kutembea tangu Jumatano, na bado kichwani mwangu limekaa neno moja tu la mjomba.

Tulikuwa barazani kwake baada ya magharibi. Nikamwonyesha kwenye simu picha za asubuhi: potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, dume, bado mdogo kama wengi wanaokuja hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, ubavu wa kushoto umejaa madoa meupe, pezi la mgongoni lina kovu la pangaboi la boti. Mjomba mnamjua, nahodha, si mtu wa maneno mengi. Akaikuza picha kwa vidole, akalitazama lile kovu, akauliza, "Huyu mnamjua?" Nikamwambia ndiyo, ana namba yake, misimu ya nyuma alishapigwa picha. Akanirudishia simu.

"Potwe mnawajua mmoja mmoja, mjomba. Sisi wavuvi mnatujua kwa jumla."

Hakukasirika. Ndiyo maana linaniuma.

Kazi hii ya kuwatambua potwe kwa picha naipenda. Madoa yale ya nyuma ya mashavu hayafanani kwa potwe wawili. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuyasoma kwa kompyuta, wakitumia hesabu za wanaastronomia za kulinganisha nyota kwenye picha za anga. Kwa hiyo hata picha ya mtalii yatosha, mradi iwe ya ubavu wa kushoto na isiwe na ukungu. Hakuna haja ya kumvua samaki wala kumtoboa pezi. Kwa picha hizo tumejua kwamba potwe wa Mafia wanarudi wale wale, si wapita njia. Tangu mwaka 2016 potwe yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na mtu akisimama mkutanoni kusema wapo tele, mmoja akifa si kitu, tunamwonyesha huyo mmoja.

Na mjomba je? Mikutanoni yeye ni "wavuvi", basi. Usiku potwe akiingia kwenye nyavu ya dagaa, maana wote wawili wanafuata chakula kile kile, vijana wa mjomba wanaruka majini, wanaikandamiza kamba ya maboya mpaka izame, mnyama anapita juu yake. Dagaa wengi wanatoka naye. Hasara hiyo ni ya chombo kizima, na hakuna anayeipiga picha. Juzi nililala nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Leo alfajiri simu ikalia. Mjomba katuma picha, yeye ambaye hata salamu hutuma kwa sauti. Giza, maji yanametameta kwa taa ya karabai, mikono miwili juu ya kamba, na nyuma yake kipande cha pezi. Haisomeki doa hata moja. Chini kaandika: "Kijana wangu huyu. Naye mwandike."

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mama akauliza kuna nini. Nimemwandika: tarehe, chombo, jina lake kamili, kwenye daftari lile lile la potwe. Mkutano ujao naenda nalo.

Dawa za presha za mama zinakaribia kwisha na duka wanasema mzigo bado uko Dar. Kaskazi imechacha, sijui boti itavuka lini. Jioni nitampigia shemeji anunue za akiba.