Kamera ya harusi, kazi za nyumbani

Kila anayejua nina kamera ya Canon 5D Mark III ana ushauri uleule: uza, siku hizi simu inatosha. Kwa picha za mtandaoni sawa, inatosha. Lakini simu haiwezi kumuumbua muuza nyama, na harusi zikiadimika hiyo ndiyo kazi kubwa ya kamera yangu.

Siri iko kwenye kijitabu cha maelezo. Mark III ikiwa na betri na kadi ina gramu 950. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 STM ina gramu 160. Zifunge pamoja, una jiwe la mizani la gramu 1,110 lililopimwa kiwandani, na hakuna mtu buchani atakayelishuku. Vua mkanda kwanza, pamoja na vifuniko vyote. Ule mkanda mpana wenye jina la kampuni una uzito wa kutosha kukufanya umsingizie mtu wa watu. Kile kishikio cha chini cha betri mbili nacho kibaki nyumbani.

Usiibwage kamera kwenye sahani yenye damu. Tandika mfuko safi, mwombe arudishe mizani kwenye sifuri, ndipo uweke. Wengi hucheka na kukuachia, wanadhani unatafuta pozi la picha. Kwa mizani ya dijitali pima mara mbili: lenzi peke yake, halafu lenzi na kamera. Hapo ndipo utamu ulipo. Lenzi ikisoma 200 na vyote pamoja 1,150, mizani imezidisha gramu 40 kotekote, yaani haikuanzia sifuri. Labda sahani imegusa kitu, labda kuna kipande cha mfupa chini yake. Hilo linaisha kwa kicheko na "samahani bosi". Lakini lenzi ikisoma 175 na vyote pamoja 1,220, makosa yanakua kadiri mzigo unavyokua, na kubonyeza sifuri hakusaidii kitu. Kipimo chenyewe kimeharibika au kimeharibiwa, na kila kilo unayolipia ni kama gramu 910 za nyama. Huyo usibishane naye mbele ya visu vyake. Angalia kama ana stika ya Wakala wa Vipimo, kisha hamia bucha la jirani. Mizani ya saa, ile ya mshale, haifai kwa lenzi peke yake kwa sababu mistari yake iko mbalimbali mno. Hapo weka vyote pamoja na usidai usahihi wa gramu kumi.

Baada ya nyama, taa. Duka la vifaa vya umeme huwa na holda ya kujaribia balbu, na muuzaji akishaona inawaka kwake ni nzima. Weka kamera kwenye video, spidi ya shata (muda wa kupokea mwanga) 1/1000 ya sekunde, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi picha ionekane, kisha elekeza kwenye karatasi nyeupe iliyosogezwa karibu na balbu ili taa nyingine za dukani zisiingilie. Umeme wa gridi yetu ni wa Hz 50, kwa hiyo mwanga hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Balbu ya LED iliyotengenezwa vizuri ina kapasita, kijihifadhi kidogo cha umeme, ya kujaza yale mabonde ya mwanga. Aliyetengeneza akibania hapo, kioo cha nyuma kitaonyesha michirizi minene ya giza, na hiyo ndiyo balbu inayokuchosha macho usiku bila kujua kwa nini. Wanaosema mbinu hii ni uongo huwa wamepima kwa 1/50: kwa spidi hiyo kila fremu inameza kupanda na kushuka kamili, michirizi inatoweka na kila balbu inaonekana malaika. Balbu za zamani za filamenti nazo huonyesha michirizi hafifu, hizo zisamehe.

Rimoti ya TV nayo hupimika. Izime taa, panda ISO 3200, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi na ubonyeze. Kidoa cheupe au cha zambarau kwenye kioo cha nyuma maana yake rimoti inatuma, tatizo liko kwenye TV. Usichungulie kwa tundu la juu, kule utaona giza tu kwa sababu mwanga huo unapigwa na kioo cha ndani moja kwa moja hadi jichoni pako, na jicho halioni infraredi. Nakiri hapa simu inashinda, hasa kamera yake ya mbele, maana kichujio cha infraredi cha Mark III ni kikali.

Mwiba ukikwama kidoleni, vua ile 50mm. Upande wa chuma unaofungwa kwenye kamera uelekee kidole, jicho liwe upande wa mbele, na umbali kutoka chuma hadi ngozi uwe kama sentimita nne na nusu. Inakuza mara tano (250 gawa kwa 50), na picha ni safi kuliko lenzi za plastiki za mafundi saa. Lenzi za Canon EF zikivuliwa, tundu la mwanga la ndani hubaki wazi. Nyingi za Nikon hujifinya zikivuliwa, lazima ushike kile kiwiko kidogo cha nyuma. Fanya kivulini. Juani lenzi hii itakuunguza kidole kabla hujauona mwiba.

Mark III ina pimamaji ya umeme ndani. Inasoma kwa nyuzi mojamoja, na nyuzi moja kwa mita moja ni karibu milimita 17. Kwa kusawazisha friji inafaa. Fundi vigae akitaka kuiazima, mnyime kwa faida ya sakafu yako.

Kuhusu kipulizio cha mpira, kile cha kutoa vumbi kwenye sensa, bapa la ndani ya kamera linalonasa picha: hakuna kifaa bora cha kuamsha mkaa. Pumzi yake ni nyembamba na yenye nguvu, unailenga kwenye kaa moja jekundu chini ya rundo, unabana haraka haraka, na jiko linashika bila wewe kutoa machozi. Ncha ikae mbali na mkaa kwa shibiri moja, la sivyo inayeyuka. Kikishafanya kazi hiyo kisirudi kamerani kamwe, kwa sababu hata chenye vali ya nyuma huvuta majivu ndani, na majivu kwenye sensa hukwaruza. Nunua cha pili, ni pesa kidogo, na kile cha kwanza kiandike JIKO kwa kalamu ya wino usiofutika.