Mtambo wa Virginia Woolf

Anayemtaja Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, hutaja pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli mlangoni, vitu ambavyo mwanamke anahitaji ili aandike. Ndivyo alivyowaambia wanafunzi wa kike wa Cambridge Oktoba 1928, na hoja ikakua kuwa kitabu A Room of One's Own, 1929. Mimi naona kitu cha tatu kinasahaulika mno, nacho alikuwa nacho tangu 1917: mtambo wa kuchapia.

Riwaya yake ya kwanza, The Voyage Out (1915), ilichapishwa na Gerald Duckworth, kaka yake kwa mama. Hata mwenye chumba na pesa bado alipaswa kupeleka mswada kwa mwanamume aupime, tena ndugu yake.

Mtambo ule wa mkono, pamoja na herufi na kijitabu cha maelekezo, uliwagharimu yeye na mumewe Leonard pauni 19, shilingi 5 na peni 5. Waliuweka nyumbani, Hogarth House, Richmond. Mikono ya Leonard ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo kupanga herufi kukawa kazi ya Virginia. Kila herufi ni kipande cha madini ya risasi kinachookotwa kutoka kijisanduku chake na kupangwa kinyume, mstari kwa mstari, na vipande vitupu kati ya maneno. Mstari ukilegea, herufi hudondoka. Ukurasa ukishachapwa, herufi hurudishwa moja moja zilikotoka, kwa sababu hazitoshi kupanga kitabu kizima kwa mara moja. Hapo ndipo makosa huingia: mapema kabisa Virginia alichanganya h na n, herufi zinazofanana kwa umbo, na kosa la namna hiyo hujitokeza baadaye katikati ya maneno.

Julai 1917 wakatoa Two Stories, nakala takriban 150. Hadithi ya Virginia humo, The Mark on the Wall, haina kisa cha kusimulia: mtu ameketi, anatazama alama ukutani, mawazo yanatangatanga, na mwishowe alama inagundulika kuwa konokono. Sidhani mhariri wa wakati ule angeikubali bila kudai kisa. Mwaka uliofuata wakachapa Prelude ya Katherine Mansfield, mwanamke mwingine aliyekuwa akiibomoa hadithi fupi ya kawaida. Baadhi ya kurasa zake zina jina la kitabu lililokosewa juu, The Prelude. Kwangu kosa hilo ni alama ya mikono iliyofanya kazi yenyewe.

Kuanzia Jacob's Room (1922) riwaya zote za Virginia zilitoka Hogarth Press, kampuni yao wenyewe ya uchapishaji. Hiyo ndiyo riwaya anayomwonyesha mhusika mkuu kwa vipande, kupitia macho ya wengine, nafasi tupu zikitenganisha sehemu. Mtu aliyezoea kuweka vipande vitupu kwa vidole vyake alijua nafasi tupu nayo ina kazi. Mwaka 1925 aliandika katika shajara kwamba ndiye mwanamke pekee Uingereza aliye huru kuandika apendacho. Wengine lazima wafikirie wahariri.