Nilivyoilea Anthurium crystallinum kwa maji ya mvua, Kigoma

Ukitaja anthuriamu, wengi hufikiria lile ua jekundu la kung'aa la kwenye kumbi za sherehe. Ninayoilea mimi hapa Mwanga, Kigoma, ni Anthurium crystallinum, na uzuri wake wote uko kwenye jani: umbo la moyo, kijani kilichokolea, laini kama mahameli, limechorwa mishipa ya rangi ya fedha. Kwao ni misitu ya Panama na Kolombia. Ni wa ukoo mmoja na magimbi, na utomvu wake unawasha vilevile, kwa hiyo nimeuweka mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki.

Mmea ulitoka kitalu kimoja cha Dar es Salaam, ukaja kwa treni. Joto la huku liliufaa. Lakini baada ya muda majani mapya yakaanza kutoka madogo, ya manjano, huku yale ya zamani yakiwa mazima kabisa. Kila aliyepita barazani alikuwa na lake: jua limezidi, mbolea imepungua. Mimi nilishikilia swali moja, kwa nini yaugue machanga tu? Mmea ukikosa naitrojeni, manjano huanzia majani ya chini. Ukikosa madini ya chuma huanzia juu, kwa sababu chuma kikishakaa kwenye jani kuukuu hakihami kirahisi kwenda kwenye changa.

Rafiki yangu anayeshughulika na samaki wa mapambo alikuja na vikaratasi vya kupimia pH, yaani uchachu au magadi ya maji (chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni magadi). Tukachovya kimoja kwenye maji ya bomba, ambayo kwetu hutoka Ziwa Tanganyika. Kikasoma karibu 9.

"Dada, samaki wetu ndiyo maji wanayoyataka haya," akaniambia. "Lakini huyu mgeni wako amezoea mvua."

Ndivyo ilivyo. Kwenye maji yenye pH ya juu hivyo chuma hakiyeyuki, na mizizi haikipati hata kikiwepo. Nikaanza kukinga mvua kwenye mapipa yenye mifuniko, ile ya kwanza ya msimu nikiiacha ioshe vumbi la bati. Majani ya manjano hayakurudi kuwa kijani, ila yaliyofuata yalitoka na rangi ya shaba, yakakolea vizuri yalipokomaa.

Udongo nao niliubadilisha. Mizizi ya anthuriamu hii inataka hewa; udongo wetu mwekundu ukishiba maji unaibana hadi inaoza. Nikamwendea shangazi, anayekamua mawese, nikamwomba makapi.

"Mwanangu, hayo si ya kuwashia moto?"

"Shangazi, nipe tu, utakuja kuona."

Niliyaloweka maji ya moto na kuyasuuza mpaka mafuta yakaisha, nikayaanika. Nikachanganya na vipande vya maganda magumu ya mise (kokwa za mchikichi), chenga za mkaa zilizooshwa majivu, na mboji kidogo. Ukimwagilia, maji yanapita mara moja na unyevu unabaki. Makapi huoza, kwa hiyo hubadilishwa yakianza kushikana. Mbolea ya maji natia nusu ya kipimo cha kwenye chupa, wakati wa kuchipua tu.

Kazi kubwa ni kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini unapokausha kila kitu. Natundika gunia la katani upande unakotoka upepo na kulilowesha asubuhi na mchana. Kwa gunia hilo maji ya bomba yanatosha. Hewa ikikauka, utitiri huingia chini ya majani. Nausuuza kwa maji, sisugui, maana jani hili likichubuka halirudi. Mapipa yakiisha, nakamulia ndimu kwenye maji ya bomba, nakoroga, napima, mpaka kikaratasi kisome kati ya 6 na 7.

Sasa mmea umetoa mkungu wa maua, mwembamba, wa kijani, ambao asiyeujua angeukata. Nauhitaji kwa ajili ya mbegu. Shida ni kwamba maua yake huanza yakiwa ya kike, na chavua huja baadaye, kwa hiyo mmea mmoja peke yake ni vigumu kujizalisha. Kama kuna mtu Kigoma, Ujiji au hata Tabora mwenye crystallinum inayochanua, chavua yangu ikitoka nitaihifadhi kwenye friza, tugawane.