Redio ya mkononi au ya kufungwa garini: jinsi nilivyotatua shida ya msafara kutosikilizana

Kwenye njia za mawe na mabonde, gari la nyuma lilikuwa halisikiki kabisa, ingawa kila dereva alikuwa na redio ya mawasiliano ya mkononi ya wati 5. Wenzangu walitaka tununue zenye nguvu zaidi. Mimi nilianza na antena.

Bodi ya gari ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Ukirusha kwa antena fupi ya mpira ukiwa ndani, nguvu nyingi haitoki nje. Nilichomoa ile ya mpira, nikatumia adapta kuunganisha redio ileile na antena ya sumaku niliyoibandika katikati ya paa. Sauti iliyokuwa inakwaruza ikawa safi papo hapo.

Baadaye gari la mbele na la nyuma tukayafungia redio za kudumu za wati 50. Hapo kazi kubwa ni waya za umeme: zote mbili, chanya na hasi, ziende moja kwa moja hadi kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri. Usichukue umeme kwenye tundu la kuchajia simu, maana redio hiyo inaporusha huweza kula zaidi ya ampea 10.

Za mkononi tumebaki nazo. Anayeshuka kumwelekeza dereva apitishe gurudumu wapi hawezi kufanya kazi bila hiyo, na nguvu ndogo humtosha. Kilima kikubwa bado huzuia VHF (aina ya mawimbi ambayo redio zetu hutumia) hata kwa wati 50, kwa hiyo gari la katikati hupokea ujumbe na kuupeleka nyuma.