Walifungwa kwa Kosa Gani?

Somo: Matendo ya Mitume 16:16–40, Zaburi 98

Wapendwa katika Bwana,

Kisa cha Paulo na Sila gerezani Filipi tunakijua sana. Tunakihubiri kwenye mikesha, tunakiimba kwenye ibada za sifa, na kila mara tunakimbilia usiku wa manane: wakaomba, wakaimba, misingi ya gereza ikatikisika, milango ikafunguka. Juma hili nawaomba turudi nyuma mistari michache, tuulize walifungwa kwa kosa gani. Naamini kabisa kwamba wimbo ule hatujausikia sawasawa mpaka tujue ulitokea wapi.

Yote yalianza na kijakazi. Luka hatupi jina lake. Anatuambia tu kwamba alikuwa na pepo wa uaguzi, na kwamba aliwapatia bwana zake faida nyingi. Walikuwa zaidi ya mmoja, yaani watu kadhaa walimmiliki binti mmoja na kugawana alichoingiza. Siku nyingi aliwafuata mitume akipiga kelele, hadi Paulo akamkemea yule pepo kwa jina la Yesu Kristo, naye akamtoka saa ile ile. Mtu angetazamia shangwe. Lakini bwana zake, "walipoona ya kuwa tumaini la faida yao limewapotea," wakawakamata Paulo na Sila na kuwakokota mpaka sokoni.

Sasa sikilizeni mashtaka. Mbele ya mahakimu hawakutamka neno juu ya fedha. Walisema watu hawa ni Wayahudi, wanauchafua mji, wanaleta desturi zisizowapasa Warumi. Hasara ya mfukoni ikavishwa joho la uzalendo. Kila nikifika hapo nawakumbuka wanaosimama kati ya msumeno na msitu, au kati ya kiwanda na mto ambao kijiji kizima kinaunywa. Wataitwa wapinga maendeleo, wachochezi, vibaraka wa wageni. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema waziwazi, "Wanatupunguzia faida."

Wakavuliwa nguo, wakapigwa bakora, wakatupwa chumba cha ndani, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Tusipite hapa haraka. Majeraha ya mgongoni bado mabichi na hakuna aliyeyaosha. Tunajua hivyo kwa sababu mlinzi wa gereza ndiye atakayekuja kuyaosha baadaye, saa ile ile ya usiku. Miguu imebanwa, hata kugeuka ubavu ni shida. Kuimba kunataka pumzi, pumzi inatanua mbavu, na mbavu zikitanuka ngozi iliyochanika inavutika. Waliimba hivyohivyo. Halafu Luka anaongeza maneno ambayo kwangu ndiyo kiini cha mstari ule: "na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza."

Milango ilipofunguka hakuna aliyetoroka. Paulo akampigia kelele mlinzi asijidhuru, kwamba wote wapo. Wote! Si mitume wawili tu, bali hata wale wengine, wezi na wadaiwa na sijui nani, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kubaki. Mimi nasoma hivi: kabla tetemeko halijagusa ukuta, wimbo ulikuwa umekwisha kuwafanya wale waliofungwa kila mmoja na mnyororo wake kuwa kundi moja.

Wanaopigania haki wameijua siku zote nguvu hii. Hotuba inamtegemea msemaji, na akikamatwa imeishia hapo. Lakini wimbo wa kupokezana, mmoja akitoa na wengine wakiitikia, hauna mwenyewe. Mwimbishaji akiondolewa, aliye nyuma yake anaudaka. Asiyejua kusoma anaushika sawa na aliyesoma. Na watu wanaoimba pamoja huvuta pumzi pamoja, hata hofu iliyokuwa ikimbana kila mtu kifuani inalegea.

Wakristo weusi wa kusini mwa Marekani walikielewa kisa cha Filipi kuliko wengi wetu. Miaka ya 1960, katika nyimbo walizoziimba wakidai haki zao, mmoja ulianza na Paulo na Sila wakiwa gerezani. Tarehe 31 Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mama aliyefanya kazi kwenye shamba la pamba huko Mississippi, alikuwa ndani ya basi na wenzake, wametoka kujaribu kujiandikisha kupiga kura. Polisi wakalisimamisha basi, dereva akatozwa faini, eti rangi ya basi haifai. Watu wakaingiwa na hofu. Mama Hamer akaanzisha nyimbo za kanisani. Jioni hiyohiyo alifukuzwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18.

Wengi wanamkumbuka kwa sauti yake. Kidogo husemwa juu ya mwaka 1969, alipoanzisha shamba la ushirika, kwanza ekari 40, ili familia maskini zilime chakula chao wenyewe. Alikwisha kuona kwamba mtu asiye na ardhi anaweza kunyamazishwa kwa njaa, hata akiwa na kura. Kwake sala, wimbo, kura na udongo vilikuwa jambo moja, na sioni tumepata wapi ruhusa ya kuvitenganisha.

Ndiyo maana nimeweka Zaburi 98 kando ya kisa hiki. "Mito na ipige makofi, milima na iimbe pamoja kwa furaha mbele za Bwana; kwa maana anakuja aihukumu nchi." Tumeimba maneno haya mara nyingi mno bila kushtuka. Ni nani anayepiga makofi hakimu anapoingia? Ni yule aliyedhulumiwa, aliyengoja kesi yake isikilizwe. Mtunga zaburi anaiweka mito upande wa walalamikaji. Mto uliotiwa sumu una shauri lake mbele za Mungu, na mlima uliochimbwa hadi ukabaki shimo una lake, tena vinafurahi kwa sababu vinajua Mwamuzi hapokei rushwa.

Viumbe navyo vinaimba, na mara nyingine wimbo wao umetugeuza. Mwaka 1970 ilitolewa santuri ya sauti za nyangumi wenye nundu, iliyorekodiwa chini ya bahari. Watu waliokuwa wakimwona nyangumi kama pipa la mafuta wakamsikia akiimba. Harakati za kumlinda zikapata nguvu mpya, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapiga kura kusimamisha uvuvi wa nyangumi wa kibiashara, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1986. Mwenye masikio ya Zaburi hashangai.

Kuna neno zito kwa sisi tunaopenda kuimba. Kwa kinywa cha Amosi, mchungaji wa Tekoa, Mungu aliwaambia watu wake wamwondolee kelele za nyimbo zao, maana hataki kusikia vinanda vyao, bali haki itiririke kama maji. Walikuwa waimbaji hodari. Lakini walilala kwenye vitanda vya pembe za ndovu huku maskini akiuzwa kwa jozi ya viatu. Nawasihi tulisome neno hilo kwa hofu ya Mungu, hasa pale vyombo vyetu vipya vinaponunuliwa kwa sadaka ya mtu ambaye majirani zake wanalia kwa sababu ya dhuluma yake.

Asubuhi mahakimu wa Filipi walituma watu: wafungueni, waende zao. Paulo akakataa. Tulipigwa hadharani bila kuhukumiwa, alisema, na sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe. Aliyeimba usiku wa manane ndiye aliyedai uwajibikaji kulipokucha, wala hakuona kwamba la pili linapunguza utakatifu wa la kwanza.

Juu ya yule binti, Luka hasemi tena. Pepo alimtoka, lakini kisheria alibaki mali ya watu wenye hasira, na hatujui kama kuna aliyemfuata. Ninasumbuka naye. Kwa hiyo ombi langu kwa vikundi vyetu juma hili ni hili: kabla ya mazoezi ya kwaya, ulizaneni ni nani kati ya jirani zetu anayefanyiwa biashara, na ni mto gani, kisima gani, msitu gani una shauri ambalo hakuna anayelisimamia. Chagueni moja. Nendeni mkaonane na wanaoumia, msikilize kwanza, kisha mkasome Zaburi 98 palepale, kwa sauti. Walimu wa kwaya, nyimbo mpya zitungwe na wale mliowasikiliza, kwa maneno yao wenyewe. Tukikutana tena, kila kikundi kije na jina la mahali kilipochagua na jina la atakayerudi huko.